Upande wa Mbele wa Karatasi

Bweni la Wanawake, chumba namba 14
9 Februari

Shangazi yangu,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka tangu nina miaka tisa. Ni ya mashine yako ya chapa ikiendelea kupiga wakati mwenye barua ameshanyamaza. Mtu mwenyewe alikuwa mama. Alikuja barazani kwako mchana, bado amevaa aproni ya chumba cha kufulia cha hospitali, akasimama mbele ya meza yako, akasema maneno machache, akafunga mdomo. Wewe ukaendelea. Ta-ta-ta-ta, kengele, ukasukuma mkono wa mashine, ta-ta-ta-ta, kengele tena. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya katoni nyuma ya kiti chako nikihesabu kengele. Zilifika kumi na nane. Nikajiuliza, maneno yote hayo yanatoka wapi na mama amenyamaza?

Lakini nimeanza na yangu kabla ya salamu, na najua mteja anayeanza hivyo wewe humrudisha mwisho wa foleni. Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa, na kwamba yule mpiga mihuri jirani yako ameacha kukuibia kivuli. Mimi mzima. Mwenzangu wa chumbani anasomea upimaji wa ardhi. Juzi alitandaza utepe wake akanithibitishia kwamba kitanda changu kimevuka mpaka kwa vidole vinne. Tumesuluhishana, nimesogea viwili. Mama aliniandikia mistari mitano mwezi uliopita: kuku wameanza kutaga, bomba la uani limetengenezwa. Hakukutaja, kama kawaida. Na wewe barua yako ya mwisho hukumtaja, kama kawaida. Mawifi mnaishi uani pamoja, mlango kwa mlango, na habari zenu nazipata kwa bahasha mbili.

Sasa neno lililonikalisha kuandika. Siku naondoka kuja kusoma shahada hii ya uzamili ulinipa katoni la nakala zako kuukuu, ukasema karatasi nzuri haitupwi, upande wa nyuma bado mweupe, uandikie humo. Nimeandikia. Nusu ya riwaya za Kiingereza za karne mbili nimezifanyia muhtasari nyuma ya barua zako. Jumamosi moja nilikuwa natafuta maelezo yangu juu ya riwaya fulani ndefu ya mabinti wanaongoja kuposwa, karatasi ikaanguka, ikalala kifudifudi. Nikasoma upande wa mbele.

Ilikuwa barua ya mlinzi wa ghala anaomba koti la mvua. Nikatafuta nyingine. Shangazi, ziko kumi na moja! Ya kwanza anaomba koti. Ya nne anaomba jibu. Ya saba anaomba kujua kama barua zinasomwa na mtu au zinawekwa tu. Nilikaa sakafuni mpaka mwenzangu aliporudi akaniuliza kama nimefiwa.

Miaka mitano nimefundishwa kwamba Kiingereza ni mashamba ya watu waliokufa zamani na barua zao za mapenzi. Hakuna aliyeniambia kwamba Kiingereza pia ni mlinzi asiyekijua, anaomba koti kwa Kiingereza, kwa sababu ofisi yake haijibu lugha nyingine. Nataka kuandika tasnifu yangu juu ya barua zako. Nitumie nyingine ulizonazo. Na uniambie, siku ile mama alipokuja, ilikuwa barua ya nini?

Ni mimi,
Kimya wako

*

Barazani
1 Machi

Kwa mwanangu Kimya,

YAH: KARATASI ZANGU

Marahaba. Mgongo unaamka kabla yangu siku hizi, lakini tunafika kazini pamoja. Mpiga mihuri bado ni mwizi wa kivuli. Amenunua mwavuli mkubwa, na kila ikifika saa nne mwavuli unatembea wenyewe kwa miguu yake kuja upande wangu. Nimemwambia ipo siku atagonga muhuri juu ya paja langu nimfungulie kesi, na hati ya mashtaka nitaipiga mwenyewe, bure. Bomba la uani lilitengenezwa kweli. Likavunjika tena.

Sasa yahusu hiyo hapo juu. Mimi nilikupa upande wa nyuma wa karatasi. Sikukupa wa mbele.

Watu wale hawaji kwangu kwa sababu najua kupiga chapa. Kupiga chapa ni vidole tu, hata mpiga mihuri angeweza kama angepunguza usingizi. Wanakuja kwa sababu sisemi. Ukikaa barazani mbele ya mahakama miaka ishirini na sita unajua nani kafukuzwa, nani kaachwa, nani kamkana mwanawe, na jioni unapita sokoni unawasalimia kama mtu asiyejua lolote. Hiyo ndiyo kazi. Wewe unataka kuipeleka kwa maprofesa.

Chagua kitabu. Vitabu vimejaa, na waliovitunga wamekufa, hawatakuja barazani kuniuliza.

Mlinzi alipata koti, kama unataka kujua. Lilikuwa dogo. Tukaandika tena.

Nirudishie katoni na gari la kwanza, karatasi zote, hata ulizoandikia. Muhtasari wako utaandika upya, una kichwa kizuri. Na kuhusu kengele, mashine ile kengele yake mbovu, hulia hovyo. Usiihesabu.

Shangazi yako
Nakala: Jalada

*

Chumba namba 14
22 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Nimefurahi kusikia habari za mwavuli. Nimemsomea mwenzangu wa chumbani, akasema aje apime mpaka wenu bure. Aliugua homa lakini ameshapona. Mimi nilipata kikohozi cha vumbi la maktaba, kimeisha. Mama kimya, nadhani ni bomba.

Katoni sikurudishii. Nataka uisome sentensi hiyo mara moja tu, kisha tuendelee kupendana.

Jumanne niliwasilisha pendekezo langu mbele ya idara. Msimamizi wangu tunamwita Kalamu Tatu, kwa sababu anazo tatu mfukoni na hajawahi kumwazima mtu hata moja. Chumba kina viti vya kukunja vinavyolia kila mtu akipumua. Nilisimama na barua nne mkononi, unajua mimi na kusema mbele za watu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Binti, hii ni Idara ya Kiingereza. Si dawati la malalamiko."

Viti vikalia. Walikuwa wanacheka.

"Aliyeandika barua hizi ana elimu gani?"

"Sekondari miaka miwili na cheti cha kupiga chapa."

"Na hao waliozituma?"

"Wengine wanaweka kidole gumba."

"Basi nionyeshe. Fasihi iko wapi hapo?"

"Iko kwenye koti," nikamwambia, na kabla hajauliza koti gani nikasoma barua ya saba, yote, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Hakuna kiti kilicholia. Dada mmoja anayesomea ushairi, ambaye kwa kawaida hulala, akauliza kutoka nyuma, "Sasa koti alipata?"

"Alipata. Lilikuwa dogo."

Wakacheka tena, lakini safari hii hawakunicheka mimi.

Kalamu Tatu amenipa hadi mwisho wa mwaka, kwa masharti mawili. La kwanza, kila mwenye barua akubali kwa maandishi. Hilo nililipokea kwa aibu, kwa sababu wewe ulishalisema na mimi nikaona unanibania. Ulikuwa na haki. Sitagusa barua ya mtu kabla mwenyewe hajasema ndiyo. La pili, nisahihishe Kiingereza cha barua hizo kabla ya kuziweka kwenye tasnifu, eti idara isiaibike. Hilo sikulipokea. Nilimwambia sirekebishi hata nukta. Akasema tutaona. Nikasema ndiyo, tutaona. Nilitoka nje nikakaa ngazini.

Kwa hiyo nisaidie kuwatafuta wenye barua. Ukiwauliza wewe watasikiliza.

Na kengele haikuwa mbovu. Ililia kila ulipofika mwisho wa mstari, na ukasukuma mkono wa mashine kila ilipolia. Mama alisema maneno ambayo hayakufika kumi. Mashine ikapiga mistari kumi na nane. Nilikuuliza ilikuwa barua ya nini, ukanijibu habari za kengele.

Ni mimi,
Kimya

*

Barazani
30 Aprili

Kwa Kimya,

YAH: WENYE BARUA

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe pili, nikaiweka chini ya mashine. Mvua zimeanza. Mpiga mihuri ananikaribisha chini ya mwavuli sasa, kwa hiyo ujue hali ni mbaya.

Nimewatafuta. Mlinzi amestaafu, nilimfuata kwao. Amekubali, ila anataka iandikwe wazi kwamba hata la pili lilimbana mabegani. Mama wa mkaa amekubali. Fundi viatu amekubali. Mwalimu wa chekechea amekataa, naye nimemwambia amefanya vizuri. Wengine saba wamekubali, karatasi zao za ridhaa zimo humu. Kila mmoja nilimwuliza peke yake.

Barua za hospitali usiziguse. Zote. Zitoe kwenye katoni, uzifunge na kamba, unirudishie bila kuzisoma. Sababu ni kwamba nimesema mimi.

Usiache kula.

Shangazi yako
Nakala: hakuna

*

Chumba namba 14
11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Mwenzangu wa chumbani amefaulu, amekwenda kupima barabara, nimebaki na chumba kizima na bado silali upande wake wa mpaka. Asante kwa zile karatasi za ridhaa, kwa miguu yako na kwa mvua uliyotembea nayo. Nayasema haya kwanza kwa sababu baada ya hapa sina hakika kama nitakuwa na adabu.

Nimezigusa.

Ulipoandika usiziguse, ulifikiri unamwandikia nani? Umenilea mwenyewe. Ziko thelathini na sita za hospitali. Ya ishirini na tisa ina jina la mama. Nyuma yake nilikuwa nimeandika muhtasari wa sura ya mwisho ya riwaya ile ya mabinti wanaoposwa. Nimekaa na ile karatasi mezani miezi kumi na tatu, nikisoma upande usio wake.

Naiweka hapa kwa lugha yetu, ili usijifiche nyuma ya ile nyingine. "Kwa unyenyekevu mkubwa na heshima zote, mimi mtumishi wako mtiifu naomba radhi kwa upotevu wa mashuka thelathini na mawili ya wodi. Nasikitika kwa usumbufu wote uliowapata. Mimi ni mama wa binti mmoja anayesoma. Naomba nionewe huruma, na naahidi kwamba jambo hili halitatokea tena." Na kadhalika hadi chini. Mistari kumi na nane, nimeihesabu kwa kidole. Neno "sikuchukua" halimo. Nimelitafuta mpaka pembezoni.

Nilimwandikia mama kumuuliza. Hakujibu, alikuja. Alifika Alhamisi na mfuko mmoja, akakaa kwenye kitanda changu, na kabla ya maji akashika pembe ya shuka akaisugua kati ya vidole. "Hili halikusuuzwa vizuri," akasema. "Sabuni bado imo."

Nikamwekea karatasi mapajani.

"Ulijua?"

"Nilijua siku waliponisomea. Yule bwana wa utumishi alinitafsiria mstari kwa mstari, taratibu, kama mtu anayelisha mtoto uji. Akafika mwisho akaniuliza, 'Mama, hapa umeahidi hutarudia. Utarudiaje jambo ambalo hukulifanya?' Lilikuwa swali zuri."

"Na shangazi ulimwambia aandike nini?"

"Nilimwambia, 'Sikuchukua. Andika kwamba sikuchukua. Basi.' Kisha nikanyamaza, kwa sababu hakukuwa na kingine. Jioni nilipotoka kufukuzwa nilimwuliza mara moja tu, pale uani. 'Wifi, nilisema hivyo?' Akaingia ndani. Tangu hapo tunasalimiana."

"Miaka kumi na mitano, mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie umchukie? Na yeye ndiye alikuwa anakufundisha hicho Kiingereza. Angekufundisha nani mwingine, kuku?"

Tulicheka, shangazi. Nakuapia tulicheka, na nilipoacha kucheka nilikuwa nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Mashuka yalipatikana baadaye, ulijua? Yalipelekwa jengo jipya bila kuandikwa. Mama alisikia sokoni. Hakuna aliyemwita kumwambia, wala kumrudisha.

Nilimpa karatasi ya ridhaa. Alinifanya niisome kwa sauti mara mbili. "Safari hii nasomewa kwanza," akasema, kisha akasaini, herufi moja moja. Ameondoka leo asubuhi. Shuka ameliacha limeanikwa dirishani, amelifua upya.

Sikuombi ruhusa ya barua hii, mwenyewe ameshanipa. Nakuomba jibu. Alikuuliza swali uani miaka kumi na mitano iliyopita, na hukumjibu. Watu wote unawaandikia barua zao. Swali hilo je?

Kimya

*

Nyumbani
19 Julai

Mwanangu,

Hii sikuipiga chapa. Utavumilia mwandiko.

Marahaba. Mzima. Nimechelewa kwa sababu niliianza mara nne, na kila mara nilijikuta naandika "kwa unyenyekevu mkubwa" nikaichana. Mkono umezoea.

Chuoni nilikojifunza chapa kulikuwa na mwalimu mmoja, mama mkali wa kucha fupi. Alitufundisha kwamba barua ya mtu mdogo kwa mtu mkubwa ni kama kuingia chumba cha mgonjwa. Unabisha hodi, unainama, unaomba radhi kwa kusumbua, ndipo unasema. Na kabla ya kutoka unaomba radhi tena. Nilipata alama za juu. Nimewapigia watu barua hivyo na watu wamerudishwa kazini, mwanangu. Wengi. Mkubwa akiona umejishusha anapata nafasi ya kuwa mwema. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Mama yako aliposema maneno yake matano, nikaona ukurasa mzima mweupe. Nikajiambia, barua ya mstari mmoja ni matusi, watamfukuza kwa kiburi. Kama angekuwa mteja ningemwuliza, dada, huongezi? Lakini alikuwa wifi yangu, nikaona namjua, nikaona namwongezea mimi kwa mapenzi. Nikamwombea radhi, nikamwombea huruma. Ile ahadi ya mwisho ya kwamba halitatokea tena niliiweka kwa sababu iko mwishoni mwa kila barua niliyowahi kupiga. Vidole viliiweka. Sikumsomea. Foleni ilikuwa ndefu, na yeye aliniamini, akasaini huku anafunga aproni.

Aliponiuliza pale uani niliingia ndani kwa sababu nilikuwa na jibu na lilikuwa fupi. Mimi sijui kusema mambo mafupi.

Barua huwa napiga na nakala mbili. Ya kwanza niliichoma mwaka ule ule. Kabla ya kukupa katoni nililipitia jalada la hospitali nitoe ya pili. Nilikaa nalo alasiri nzima. Mpaka leo sijui kama sikuiona au niliiona nikaiacha. Usiniulize zaidi ya hapo.

Jumapili nilivuka uani. Ni hatua kumi na moja, sikuwahi kuzihesabu. Alikuwa anachambua mchele mlangoni. Nikasimama mbele yake nikasema, "Hukusema hivyo."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua. Ingia, unaniziba mwanga."

Nikaingia. Nyumba yake amehamisha kabati, sikujua.

Tangu mwezi uliopita kila mteja namsomea barua yake kwa lugha yake kabla hajasaini. Wanashangaa. Jana mzee mmoja alisema, "Mimi sikuomba radhi, toa hiyo," nikaitoa. Barua ikabaki na mistari mitatu. Foleni sasa imefika kwa mpiga mihuri, naye amefurahi sana, anasema anaona wateja wake kwa mara ya kwanza.

Umesema barua ile utaitumia. Itumie. Na usiandike kwamba iliandikwa na "mpiga chapa wa barazani". Andika kwamba ni shangazi yako. Kama nitaonekana mjinga mbele ya maprofesa, nionekane mzima mzima, na maprofesa nao wamtafute mjomba wao, huenda naye alipiga chapa.

Shangazi yako

*

Chumba namba 14
3 Oktoba

Kwa Shangazi na kwa Mama, bahasha moja,

YAH: UKURASA WA AROBAINI NA MOJA

Shikamooni. Someni pamoja, sina stempu ya pili. Mimi mzima, nimekonda kidogo, msianze. Mwenzangu wa zamani alipita juzi akaniletea ramani ya bweni aliyochora mwenyewe. Kitanda changu ameandika "eneo lenye mgogoro". Nimefurahi kusikia kwamba mpiga mihuri ametumwa kununua bomba jipya. Nani aliyemtuma, sijui, lakini barua zenu mbili zinataja jambo moja bila mimi kulichukua huku kulipeleka kule, na sijui niziweke wapi.

Shangazi, barua yako niliisoma siku nne mfululizo. Hasira yangu haijaisha. Ipo, lakini imebadilika, sasa ina mahali pa kukaa. Nilidhani naandika juu ya ofisi zilizowafanya watu wainame. Nikakuta kuinama kwenyewe kulifundishwa darasani, kwa alama, kwa Kiingereza kilekile ninachotafuta shahada yake. Kwa hiyo nimeandika hivyo. Sura ya tatu yote ni juu ya mwalimu wako wa kucha fupi na barua zilizotoka mikononi mwa wanafunzi wake. Na wewe umo, mzima mzima kama ulivyotaka.

Wiki iliyopita Kalamu Tatu aliniita ofisini. Tasnifu ilikuwa mezani, imejaa wino mwekundu kama mtu aliyeanguka na baiskeli. Nakiri, aliisoma yote. Alisema sura ya mlinzi ni nzuri kuliko alivyotegemea. Kisha akafungua ukurasa wa arobaini.

"Hii barua ya mama yako. Iondoe. Mtafiti hachunguzi ukoo wake."

"Nimeandika wazi kwamba ni mama yangu, na shangazi yangu. Anayetaka kunipunguzia imani anajua aanzie wapi."

"Kiingereza chake hujakisahihisha."

"Sijakisahihisha."

Akafunua ukurasa. Wa arobaini ni barua, mistari kumi na nane, kama ulivyoipiga. Wa arobaini na moja ni maneno ya mama peke yake, katikati ya karatasi, kwa lugha yetu: Sikuchukua. Andika kwamba sikuchukua. Basi. Pande zote nne nimeacha peupe.

"Na hapa umesahau tafsiri," akasema. Hakuwa mkali. Nadhani hapo ndipo alipokuwa mwema zaidi. "Weka tafsiri kwenye tanbihi, ondoa uhusiano wa kifamilia, mimi nasaini leo. Tasnifu ya Kiingereza haiwezi kuwa na ukurasa ambao mtahini wa nje hawezi kuusoma."

"Mtahini atafute mtu wa kumsomea," nikasema. "Mama alitafuta."

Akavua miwani. Akaniambia bila saini yake bodi inaweza kuikataa kabla ya kuifungua. Kwamba miaka miwili itapotea. Kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa kijana, aliondoa sura nzima ili apate saini, na leo haikumbuki. Nilimwangalia. Anaikumbuka. Nilimwomba kalamu niandike masharti yake, nione kama ataniazima. Alinipa, mama! Nikaandika masharti yote, nikamrudishia kalamu yake, nikamshukuru kwa kusoma, nikatoka.

Nilifikiri siku mbili. Si kweli, nilifikiri mpaka kwenye ngazi. Siku mbili zile nilikuwa nasahihisha namba za kurasa.

Nikiweka tafsiri, maneno ya mama yataingia tena kwenye Kiingereza kupitia mkono wa mtu wa familia anayempenda na anayejua zaidi. Nitaandika vizuri. Nitaandika vizuri kuliko shangazi. Na mtu ataketi mahali asome nilivyoandika mimi. Yaliwahi kutafsiriwa mara moja, yatosha.

Jana saa tatu asubuhi nilipeleka nakala nne ofisi ya masomo ya juu. Mahali pa saini ya msimamizi peupe. Nilimwambia karani mapema, asije akadhani nimemficha. Alikuwa dada mnene mwenye pete tatu, akafungua kurasa haraka haraka kwa kidole gumba akihakiki kama zimefungwa sawa. Akafika ya arobaini na moja, akasimama. Akasoma kwa midomo, bila sauti. Akaniangalia.

"Huyu walimwamini?"

"Hapana."

"Na tafsiri haipo."

"Haipo."

Akavuta muhuri, akapumulia wino, akaugonga mara nne. Nimetoka na stakabadhi, iko hapa mbele yangu wakati naandika. Imeshapokelewa.

Kimya wenu
Nakala: mlango wa kwanza, mlango wa pili